Bolti Mbili Zilizonifunza Adabu

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu halikuvunjika, namshukuru Mungu, lakini kilichonusurika siku ile kilikuwa na thamani kuliko guu langu. Nimeamua kukiandika kisa hiki katika jarida la chama chetu ili wewe usome, ucheke kidogo ukitaka, kisha ujifunze bila kulipa karo niliyolipa mimi.

Kisa chenyewe kinahusu mlango wa gari. Tena si mlango wote, ni bolti mbili tu. Mwalimu wetu wa Kiswahili atanisahihisha kwamba neno sanifu ni parafujo, nami nakubali. Hata hivyo, kule kwa Babu ukiitisha parafujo utangoja mpaka jua litue. Kwa hivyo naomba ruhusa niseme bolti.

Babu yangu anaishi nje kidogo ya mji wa Nanyuki. Nyuma ya nyumba yake, chini ya banda la mabati, palikuwa na Land Rover kuukuu iliyolala miaka mingi, kuku wakitagia mayai kitini. Ni ya aina ya Series IIA, zile zilizotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka wa 1961 hadi 1971. Vijana wa kwetu wakiiona husema ni mkebe. Babu husema ni mzee mwenzake. Ndiyo iliyomkimbiza Nyanya hospitalini usiku wa mvua baba yangu alipozaliwa, na ndiyo iliyobeba magunia ya viazi yaliyomlipia baba huyo huyo karo. Babu alikuwa fundi wa magari maisha yake yote. Alipostaafu alisema kwamba hataki kuzikwa kabla ya kuiona ikitembea tena kwa magurudumu yake.

Likizo ya Desemba iliyopita kazi ilikuwa imefika ukingoni. Injini ilinguruma, breki zilikuwa mpya na bodi ilikuwa imepakwa rangi yake ya zamani ya kijani. Kilichobaki kilikuwa milango, nami nikapewa kazi ya kumsaidia Babu. Nilifurahi kama mtoto wa siku ya Krismasi. Nilidhani kufunga mlango ni kazi ya nusu saa: unaweka bawaba, unakaza bolti, unaenda kunywa chai. Kumbe!

Kwanza Babu alinionyesha mlango wenyewe ulivyo. Ndani una fremu ya chuma, na nje umevalishwa ngozi ya alumini. Aliniambia kwamba Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kule Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka wa 1948, miaka mitatu tu baada ya Vita Vikuu vya Pili. Wakati huo chuma kilikuwa adimu Uingereza na kiligawiwa kwa kipimo, ndiyo maana waundaji wakatumia alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Watu wengi husema Land Rover haishiki kutu. Ni kweli nusu. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma penye maji, alumini ndiyo huliwa. Babu alikwangua ukingo wa mlango kwa kucha, ukamwagika unga mweupe kama unga wa ugali.

"Unaona hii?" akaniuliza. "Hapa chuma na alumini wameishi pamoja bila mtu wa kuwaamua."

Wanafunzi wa kemia mnaelewa mambo haya kuniliko. Metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu wenye chumvi kidogo, ni kama betri ndogo. Metali iliyo tendaji zaidi katika ule msururu ndiyo hulika. Kwa sababu hiyo, Babu alikataa katakata bolti za stenlesi ambazo mjomba alikuwa amemletea kama zawadi. Ziling'aa kama vijiko vya harusi. Mimi nilizitamani sana, lakini Babu alizirudisha ndani ya karatasi yake kwa upole.

"Hizi ni nzuri," alisema, "lakini si nzuri hapa. Zenyewe hazitaharibika, zitaharibu jirani. Mimi nataka chuma kilichopakwa zinki. Zinki na alumini wanakaribiana, hawagombani sana. Tena katikati tunaweka washa ya plastiki na grisi kidogo, maji yasipate njia."

Nilijifunza papo hapo kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Laiti ningelikumbuka somo hilo saa sita baadaye!

Sasa tufike kwenye bolti zenyewe. Babu hakutupa hata bolti moja alipoifungua Land Rover ile. Kila bolti iliwekwa ndani ya mkebe wa Kimbo, na kila mkebe ulikuwa na karatasi imeandikwa kwa penseli: bawaba ya juu kushoto, bawaba ya chini kulia, kitasa, na kadhalika. Bawaba za milango ya mbele hushikwa kwenye nguzo ya bodi kwa bolti zinazoingia katika nati zilizofungiwa ndani ya nguzo, mahali ambapo mkono haufiki. Katika bolti hizo nane tulipata sita nzima. Mbili za bawaba ya juu ya mlango wa kushoto zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zikawa nyembamba kama shingo ya kuku.

Babu alichukua moja ya zile mbovu, akaifuta kwa kitambaa, akaniwekea kiganjani pamoja na shilingi mia tano.

"Enda mjini, kwa lile duka la spea za Land Rover. Mpe mwenye duka hii bolti kama mfano, akupe mbili sawa na hii. Usimwambie namba, mwonyeshe mfano. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

Nilisikia, lakini sikusikiliza. Mambo hayo mawili si ndugu.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi na saa kumi jioni kulikuwa na mechi kubwa ya kandanda kwenye runinga. Nilipofika mjini nilikuta lile duka limefungwa tangu saa saba. Mwenzangu mmoja aliyekuwa hapo nje aliniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu! Nani angengoja Jumatatu kwa ajili ya bolti mbili? Nikavuka barabara hadi duka la vifaa vya ujenzi. Mfano wa Babu ulikuwa mfukoni, nao ulikuwa na grisi, nikaona haya kuutoa mbele ya watu. Nilikuwa nimemwona Babu akizifungua bolti zile kwa spana, nami nikakumbuka kwamba spana ya 13 ilizishika vizuri. Wenye kujua mambo ya jua kali wanafahamu kwamba kwetu bolti huitwa kwa namba ya spana yake. Kwa hivyo nikasema kwa sauti ya mtu anayejua anachotaka, "Nipe bolti mbili za 13."

Nikapewa. Zilikuwa mpya, zimepakwa zinki, urefu sawa kwa macho, unene sawa kwa macho. Zilinigharimu pesa kidogo sana. Zilizobaki nilinunulia chipsi na soda, na mechi nikaiona yote.

Jioni hiyo Babu alikuwa amekwenda mkutano wa kanisa. Nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha: atakaporudi akute mlango umefungwa. Nikaweka zile sita za zamani, zikaingia kwa vidole vitupu hadi mwisho, laini kama kifuniko cha chupa. Kisha nikashika ile mpya ya kwanza. Ikaingia mzunguko mmoja, ikaingia wa pili, ikagoma. Nikachukua spana. Ikagoma bado. Nikatafuta kipande cha bomba, nikakivika kwenye mkono wa spana ili nipate nguvu zaidi, nikavuta. Bolti ililia kwii kama mtoto wa nguruwe, ikaingia nusu, ikakaza. Ya pili nayo nikaivuta vivyo hivyo. Mara nikahisi imekuwa nyepesi ghafla, inazunguka tu bila kukaza.

Msomaji, moyo wangu ulijua. Mkono wangu pia ulijua. Lakini nilitia washa mbili chini ya kichwa cha bolti, nikakiegemeza kikaonekana kimekaa, nikapaka rangi ya kijani juu yake. Babu aliporudi akamulika kwa tochi, akausukuma mlango, ukafunga taratibu. Akanipiga bega.

"Kazi safi, mjukuu. Zile bolti ulipata kwa duka la Land Rover?"

"Ndiyo, Babu."

Uongo wa neno moja. Ulinitoka mdomoni bila hata kujikwaa.

Siku ya Jumatano Babu alitwambia tupande gari, tuende tukamwonyeshe dada yake anayeishi upande wa Timau. Babu aliendesha, mimi nikakaa katikati, na mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka minane, akakaa kushoto karibu na mlango kwa sababu alitaka kupigwa na upepo. Babu alikuwa ameweka mikanda, na kabla ya kuondoka alimkagua kwanza kama amejifunga. Mdogo wangu alilalamika kwamba mkanda unamkwaruza shingo. Babu hakujibu, aliukaza tu.

Barabara ya vumbi ilikuwa na mashimo. Kila tulipoingia shimoni nilisikia kitu kikicheza upande wa kushoto: tak, tak. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na kilomita nzima za kusema. Nikanyamaza. Tulipofika kwenye kona ya kulia, Babu akizungusha usukani, mlango ulishuka upande wa juu, kitasa kikaacha mahali pake, nao mlango ukafunguka wote ukaning'inia kwa bawaba ya chini peke yake. Mdogo wangu aliegemea upepo. Nilimkamata gauni kwa mikono miwili, lakini nisiseme uongo tena: si mikono yangu iliyomshika, ni ule mkanda. Mikono yangu ilishika kitambaa tu, na kitambaa kilikuwa kinararuka.

Babu alisimamisha gari polepole. Hakuna aliyesema neno. Vumbi lilitupita likaenda zake. Mdogo wangu hakulia mpaka alipoona kiatu chake kimoja kiko barabarani nyuma yetu.

Babu alishuka, akazunguka, akatazama bawaba. Bolti moja ilikuwa imekwisha kuanguka. Ya pili aliivuta kwa vidole kama mtu anayeng'oa jino la maziwa. Akaipangusa rangi yangu kwa kidole gumba, akakisoma kichwa chake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ulinunua wapi?"

"Kwa duka la Land Rover."

Akanionyesha kichwa cha bolti. Palikuwa pameandikwa 8.8.

"Bolti ya inchi haiandikwi hivi," alisema. "Hii ni alama ya bolti za milimita. Bolti imesema ukweli, mjukuu. Sasa wewe."

Njia ya mwongo ni fupi; yangu ilikuwa na urefu wa kichwa cha bolti. Nikasema yote: duka lililofungwa, mechi, chipsi, bomba, rangi. Nililia mbele ya mdogo wangu, nami ni kijana wa sekondari. Babu alisikiliza mpaka mwisho. Alifunga mlango kwa kamba, akamhamishia mdogo wangu katikati, akageuza gari tukarudi nyumbani. Mlango ulikuwa umepinda ukingoni, na rangi mpya ilikuwa imebanduka hadi alumini.

Siku iliyofuata Babu aliniita bandani. Nilitarajia fimbo. Badala yake aliweka mezani bolti mbili, yake ya zamani na yangu mpya, pamoja na rula na kile chuma chenye meno membamba kama kitana ambacho mafundi hutumia kupima njia za bolti, zile wanazoziita thredi.

"Hizi mbili ni sawa?" akauliza.

"Zinafanana, Babu."

"Sikuuliza kama zinafanana."

Ndipo aliponifundisha kile ambacho ningepaswa kukijua tangu mwanzo. Bolti yake ilikuwa ya inchi 5/16, yaani milimita 7.94. Yangu ilikuwa ya milimita 8. Tofauti ni ndogo kuliko unene wa unywele. Kichwa cha yake ni cha spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, na ndiyo maana spana ya 13 inakishika ingawa inacheza kidogo. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo. Lakini katika inchi moja bolti ya Babu ina thredi 24, na yangu ina karibu 20 tu. Mzunguko wa kwanza na wa pili zinavumiliana. Ukiendelea, moja lazima imtafune mwenzake. Kwa kuwa nililazimisha kwa bomba, bolti yangu ngumu ilitafuna nati iliyo ndani ya nguzo.

Nilimuuliza kwa nini dunia haikutumia thredi za aina moja tangu awali. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Aliniambia kwamba Mwingereza mmoja, Joseph Whitworth, ndiye aliyependekeza mpango wa kwanza wa thredi zinazofanana mwaka wa 1841. Kabla yake kila karakana ilikata zake. Lakini Marekani walikuwa na mpango wao. Thredi za Whitworth zina pembe ya nyuzi 55, za Marekani nyuzi 60. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, nchi hizo zilipigana upande mmoja huku bolti ya huyu haiingii kwenye nati ya yule. Mwaka wa 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikakubaliana juu ya mpango mmoja, na thredi zake nyembamba ndizo zinazoitwa UNF. Mwaka huo huo ndio Land Rover ilipozaliwa, lakini zile za kwanza bado zilitumia thredi za zamani za Kiingereza. UNF ilienea katika zile zilizofuata. Kwa hivyo hata mwenye Land Rover hawezi kuazima bolti kwa jirani mwenye Land Rover ya mwaka mwingine bila kupima. Bolti nyingi za UNF za Uingereza za miaka ile zina alama ya viduara vilivyoshikana kichwani. Kumbe bolti nazo zina vitambulisho!

Kisha akaniandikisha maswali manne ndani ya daftari, nami nakupa wewe bure.

La kwanza: thredi yake ni ipi? Ipime kwa kile kitana, au hesabu kwa rula, halafu uijaribu kwa vidole. Bolti iliyo sahihi huingia kwa vidole hadi mwisho. Ikigoma, usitafute bomba, tafuta sababu.

La pili: nguvu yake ni ipi? Bawaba hubeba mlango mzima juu ya mashimo. Bolti laini ya kufungia kabati haifai hapo, hata kama thredi ni zile zile.

La tatu: imetengenezwa au kupakwa kwa metali gani, na itakaa jirani na metali gani?

La nne: urefu wake unatosha? Sehemu iliyo ndani ya nati isipungue unene wa bolti yenyewe. Ikiwa fupi inashika kwa meno mawili. Ikiwa ndefu kupita kiasi inagonga kitu usichokiona.

Kurekebisha kosa langu hakukuwa rahisi. Fundi wa bodi alilazimika kukata dirisha dogo kwenye nguzo, katika rangi ile mpya, akatoa nati iliyotafunwa na kuchomelea nyingine. Kisha akaziba, akapiga msasa na kupaka rangi upya. Mlango ulinyooshwa, lakini ukiutazama jua likiwa upande wa magharibi utaona kovu. Nilikuwa na sungura sita. Niliuza wanne, nikampelekea Babu pesa. Nilidhani atakataa kama babu wengine wanavyofanya. Alizipokea, akazihesabu, akazitia mfukoni.

"Asante," alisema. "Sasa mlango ni wako pia."

Jumatatu ile duka la spea lilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza mlangoni, mfano wa Babu mkononi, grisi na yote. Mwenye duka aliutazama mara moja tu, akaingia ndani, akarudi na bolti mbili. Nilizijaribu kwenye nati ya mfano pale pale. Ziliingia kwa vidole. Nikalipa, nikarudisha chenji yote hadi shilingi ya mwisho.

Wenzangu, sisi ni vijana na tunapenda mambo ya haraka. Katika mtihani tunapenda jibu linalofanana na jibu. Kwa marafiki tunapenda yule anayefanana na rafiki. Mimi nimejifunza kwamba kufanana kunaweza kukupeleka mizunguko miwili tu. Na ukishaona kitu kinagoma, kusema "nimekosea" siku hiyo hiyo kunagharimu bolti mbili. Ukikaa nalo hadi Jumatano kunagharimu nguzo, rangi, sungura wanne na karibu mtoto wa mtu.

Mdogo wangu bado hupanda Land Rover ya Babu. Lakini kabla ya kuketi huutikisa mlango kwa mikono miwili, kisha hunitazama. Hasemi kitu. Nami pia huutikisa.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.